Helmeti Tisa Pale Neerpede

Mmeniomba orodha. Vijana wa chama, mnanichekesha: mnataka niwaandikie kwenye ukurasa mmoja mambo yote ya kufanya kabla ya kupeleka familia kwenye theluji kwa mara ya kwanza, mkaubandike ukutani, mambo yaishe. Haya, orodha mtaipata, lakini imetawanyika humu ndani kama soksi za watoto na mtaiokota wenyewe. Na katikati yake kuna asubuhi moja ya Januari ambayo siipendi. Nimeizunguka miaka mingi. Leo siizunguki, kwa sababu mwezi ujao ninyi ndio mtakaosimama pale na watoto wa watu.

Kwa wasionijua: mimi ndiye Maman Zena, niliyekaa miaka kumi na minane kwenye ofisi ndogo ya safari pale Anderlecht, hapa Bruxelles, karibu na metro, kati ya kinyozi na duka la simu. Tuliuza tiketi za Bujumbura na za Lubumbashi, na msimu wa Hija ukifika hatukupata hata muda wa kunywa chai. Theluji haikuwa kazi yetu. Nani kati yetu alikuwa na haja nayo? Tuliifagia mlangoni huku tukinung'unika. Watoto ndio waliotuletea. Shule za hapa huwapeleka wanafunzi milimani wiki nzima, wanaita classe de neige, darasa la theluji, na mtoto akirudi kutoka huko hana hadithi nyingine hadi Pasaka. Wadogo zake wanamsikiliza, wanamsumbua mama yao, na mama anakuja kwangu.

Wa kwanza kuja alikuwa Riziki. Mtu wa Uvira aliyekulia Bujumbura, Mwislamu kama mimi, alikuwa anasafisha maofisi kule Schuman kuanzia alfajiri. Aliingia bado amevaa koti la kazi, akakaa mbele yangu bila hata kunisalimia vizuri.

"Maman Zena, batoto banataka kwenda ku neige. Bote. Na mama yangu, na kaka yangu, na madame yake, na batoto babo. Donc tuko famille mzima. Utaweza?"

"Nitaweza," nikamjibu, na nilikuwa mwongo. Sikuwa nimepanga hata siku moja ya theluji maishani mwangu.

Familia yenyewe ni hii, na majina si mengi. Riziki, na mama yake, Nyanya Mwavita. Saidi, kaka yake Riziki, mlinzi wa mlango kwenye ofisi moja, na mkewe Mariamu. Watoto walikuwa tisa, watatu wa Riziki na sita wa Saidi, na mdogo kuliko wote alikuwa Shemsa wa Riziki, miaka mitano, mdomo haufungi. Mume wa Riziki alifanya kazi hospitalini kule Jette na hakupata likizo. Alikubali safari shingo upande. Alimwambia mkewe mbele yangu, siku waliyokuja kutia sahihi: "Riziki, batoto barudi vile bameenda. Sitaki kitu ingine." Riziki akacheka. Mimi pia nilicheka.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Nilichagua kijiji kilichoko juu kabisa kwa sababu picha zake zilikuwa nzuri. Nikachagua hoteli yenye chakula, nikajisifu, halafu nikapiga simu kuuliza wanapika nini. Viazi na jibini, akasema mama wa hoteli kwa fahari, na ndani yake vipande vya nguruwe. Na kesho yake? Supu ya kabichi, na nguruwe. Na siku ya tatu? "Mama, hapa ni milimani," akaniambia, kana kwamba nguruwe ndiye aliyeijenga hiyo milima. Tangu siku ile familia zetu nazipeleka kwenye nyumba yenye jiko, na kwenye gari kuna unga, mchele na sufuria kubwa. Sufuria msiisahau. Zile za nyumba za kukodi zinatosha mayai mawili.

Aliyeniokoa na ujinga wangu ni Papa Anselme, mzee wa Lubumbashi, dereva wa mabasi ya safari, aliyekuwa amepeleka shule na vyama milimani kwa miaka mingi. Siku za Alhamisi alipita ofisini kunywa kahawa ya bure. Nikamwonyesha mpango wangu. Akavua miwani, akaisafisha, akaivaa tena.

"Sasa hii mulima ni ya nani? Ya bale bashindi, bana-gagner médaille? Maman, uliza kitu moja tu. Kutoka mulango ya nyumba mpaka kwa neige, ni hatua ngapi? Juu ya nini? Mutoto, ukisha kumuvalisha nguo yote ile, njo anakumbuka anataka kukojoa."

Nilicheka mpaka mteja akageuka, kisha nikachukua kalamu. Hapo ndipo nilipoanza kuijua kazi hii. Kijiji cha chini, chenye kilima cha watoto mbele ya nyumba. Mkeka unaotembea, unaowapandisha wadogo taratibu, badala ya vile viti vinavyoning'inia hewani na kuwatia watu wazima kiwewe. Mwalimu asubuhi tu, masaa mawili, maana baada ya hapo mtoto analia tu bila sababu inayoeleweka. Mkilazimika kwenda likizo ya karnavali, ile ya shule ya Februari, wakati nusu ya Ulaya iko huko, kodini viatu na mbao za kuteleza hapahapa Bruxelles kabla ya kuondoka, la sivyo siku ya kwanza yote mtaimalizia kwenye foleni. Suruali ya jinzi marufuku. Ikilowa asubuhi imelowa hadi jioni. Na mafuta ya jua, jamani. Msiniambie sisi weusi jua halituwezi. Kuna baba mmoja alinicheka kwa jambo hilo, na wiki hiyohiyo alinipigia simu akiongea kwa shida kwa sababu midomo ilikuwa imempasuka.

Halafu nywele. Hili hakuna karatasi ya watalii itakayowaambia. Helmeti, ile kofia ngumu, imetengenezwa kwa kichwa chenye nywele za kulala. Mama zetu nao, wakisikia safari, wakisikia picha, wanasuka! Jumamosi nzima mtoto yuko kati ya magoti ya shangazi, anatoka na mafundo matatu kisogoni na shanga zinalia kama njuga. Ukimvalisha helmeti inamkalia juu kama kifuniko cha sufuria iliyojaa, na ukiikandamiza, shanga zinamwingia kichwani. Waambieni mapema: mistari bapa, imelala, hakuna shanga, hakuna fundo. Sikuwaambia watu wa Riziki. Sikujua.

Papa Anselme ndiye aliyesema tuwapeleke kwanza Neerpede. "Kuanguka ya kwanza, baangukie hapa karibu. Mutoto akilia, unamurudisha nyumba. Kule ku mulima, utamurudisha wapi?" Neerpede ni mwisho wa Anderlecht, pale mji unapochoka na mashamba yanaanza, kuna mabwawa na bata na watu wanaokimbia na mbwa. Palikuwa na kilima cha kujifunzia kuteleza. Hakikuwa na theluji. Kilikuwa kimetandikwa mikeka ya brashi za plastiki iliyomwagiwa maji, na ukiangukia viwiko unachubuka.

Tulikwenda Jumapili asubuhi. Juma zima baridi ilikuwa kali, kavu, maji yakiganda kwenye ndoo za nje. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilianguka theluji kidogo, unga tu, na tulipofika ilikuwa imekwisha yeyuka barabarani na kwenye majani. Nyanya Mwavita alikuja pia, amevaa makoti mawili na kitenge juu yake, akaketishwa kwenye benchi na chupa ya chai na beseni la mandazi. Mimi nilikuwa na karatasi zangu kwenye ubao, na filimbi shingoni. Filimbi! Nilijiona kanali.

Helmeti za kukodi zilikuwa nyekundu, zote sawa. Nikawapanga watoto nikaanza: moja, mbili, tatu... Nyanya Mwavita akapiga benchi kwa kiganja.

"Weye! Banahesabu mbuzi. Banahesabu magunia. Batoto habahesabiwi!"

Nadhani wengi wenu mnaijua hiyo. Nyumbani kwetu pia mama alikataa. Ukimhesabu mtoto kwa sauti unamtaja mbele ya asiyemtakia mema. Nyanya Mwavita alikuwa amezika watoto wawili, na hakuna aliyethubutu kubishana naye. Sikutaka kumuudhi mzee, wala sikutaka kugombana asubuhi hiyo, nami nina domo, nikianza sinyamazi. Basi nikafanya ujanja. "Nyanya, sihesabu watoto, nahesabu helmeti za watu, nisije nikadaiwa." Akaridhika. Zilikuwa tisa.

Mwalimu alikuwa binti wa Kibelgiji, mpole, aliyeongea na watoto akiwa amepiga magoti. Kabla ya kuwafundisha kwenda aliwafundisha kuanguka. "Ukiogopa, kaa chini. Lala ubavu. Usipigane." Akawaangusha mmoja mmoja, wakacheka. Shemsa alianguka vizuri kuliko wote, akaanguka mara nne zaidi bila kuombwa. Kisha akaanza kulia kwamba helmeti inamuuma, Mariamu akamvua, akaiweka kwenye benchi kando ya Nyanya, na Shemsa akavuliwa na vile viatu vizito, akavishwa vyake vya kawaida.

Alikuja kwangu. Nilikuwa nasoma karatasi ya bima.

"Maman Zena, neige iko wapi?"

"Hapa hakuna. Iko mlimani."

"Lakini mama alisema tunakwenda ku neige."

"Leo ni mazoezi, Shemsa."

"Iko wapi, Maman Zena? Iko wapi?"

Nisikilizeni hapa. Sikumtazama. Kidole changu kilikuwa kwenye mstari wa karatasi na sikutaka kuupoteza. Nikamwambia: "Nenda katafute. Ukiiona, uniite."

Akaenda.

Watoto wengine walipanda na kuteleza, walipumzika, walikunywa chai, wakavua helmeti wakazipanga kwenye benchi, wakazivaa tena. Mimi nilihesabu. Zilipokuwa benchini zote, tisa. Waliporudi kilimani, nane vichwani na moja kando ya Nyanya: tisa. Nikahesabu tena baadaye, tisa. Niliweka alama kwenye karatasi kila mara, kwa kalamu ya kijani, na nilikuwa natabasamu.

Papa Anselme alifika kutazama tunaendeleaje. Aliegesha gari lake, akasimama kando yangu, mikono mfukoni. "Batoto beko ngapi?"

"Helmeti tisa," nikamwambia kwa sauti ya chini, nikikonyeza upande wa Nyanya.

"Siyakuuliza casque. Nauliza batoto."

Nikamweleza habari ya Nyanya. Hakucheka. Alisema hata kwao hawahesabu, na kwamba kwenye basi lake hakuwahi kuhesabu. Akaita watu wote, wakubwa kwa wadogo, kwa sauti ile ya dereva. "Mama, baba, kila muntu ashike mukono ya mutoto yake! Bakamata, bakamata! Saidi, bako bote sita, na madame yako, mugawane!" Ilikuwa kama mchezo. Saidi na Mariamu waliwakusanya wao, wengine wakishikana wao kwa wao, sita. Riziki alikuja akikimbia kutoka upande wa viatu vya kukodi, anacheka, akamshika mkubwa wake kwa mkono wa kulia, na mtoto wa pili akashikana na mkubwa. Mkono wa kushoto wa Riziki ulibaki wazi. Aliutazama.

"Shemsa eko na mama," akasema.

"Na mie?" Nyanya Mwavita akasema. "Alikuwa na Mariamu."

"Mimi nilimvua viatu tu," Mariamu akasema. "Nilijua yuko na mama yake."

Hivyo ndivyo tunavyolea, na naipenda namna yetu hiyo. Mtoto ni wa kila mtu. Kila mtu mzima pale alimpenda Shemsa, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba yuko kwenye macho ya mwenzake. Nilitazama alama zangu za kijani. Sikujua ni lini ameondoka. Inawezekana ni nusu saa. Inawezekana ni zaidi.

Saidi akakimbilia barabarani, Mariamu vyooni. Riziki alikuwa anazunguka palepale akiita jina, sauti inapanda. Mimi nilisimama. Najua ilikuwa ni muda mfupi tu, lakini bado naukumbuka mrefu, kwa sababu mimi peke yangu nilijua anachotafuta. Nikajiuliza: hapa Neerpede nzima, kitu gani ni cheupe? Barabara ni nyeusi. Kilima ni kijani. Shamba ni udongo. Nikageuka upande wa miti.

Bwawa lilikuwa limeganda, na juu ya barafu ule unga wa usiku ulikuwa haujayeyuka. Lilikuwa jeupe, safi kama shuka.

Nilikimbia, mimi na mwili wangu huu. Papa Anselme alinifuata, na Riziki, alipotuona tunakimbilia huko, alitupita wote wawili.

Shemsa alikuwa amesimama juu ya barafu, hatua nne au tano kutoka ukingoni, bila glovu, anakusanya theluji kwa mikono na kuiweka kwenye kofia ya koti lake. Barafu ilikuwa inalia chini yake, mlio mdogo mdogo. Riziki alifungua mdomo, na Papa Anselme akamziba kwa kiganja.

"Usimuite! Akikimbia, inavunjika."

Shemsa akainua kichwa. Akatuona. Uso wote ukafurahi, akapunga mkono uliojaa theluji.

"Maman Zena! Nimeiona!"

Kisha barafu ikalia kwa nguvu, ikapasuka mstari mrefu kutoka pale alipo hadi kwenye matete, na ule uso ukabadilika. Aligeuka kutukimbilia. Sijui sauti yangu ilitoka wapi, lakini ilitoka taratibu. "Shemsa, kaa chini. Unaogopa, sivyo? Mwalimu amesema ukiogopa ufanye nini?"

Akakaa. Akalala ubavu.

Nyanya Mwavita alikuwa amefika, sijui alifikaje kwa miguu yake ile. Alifungua kitenge juu ya makoti yake, akamwashiria Mariamu, aliyemfuata mbio, afungue chake cha kiunoni, wakavifunga pamoja kwa fundo moja, akampa Papa Anselme. Mara ya kwanza alipokirusha kilianguka karibu mno. Mara ya pili upepo ulikichukua. Mara ya tatu kilimfikia Shemsa usoni, na mzee akamwambia: "Zungusha ku mukono, maman. Zungusha, zungusha. Vile njo vizuri. Sasa lala tumbo." Alimvuta kama anavuta kikapu cha mayai. Riziki alikuwa amepiga magoti kwenye tope, kiganja mdomoni, kiganja chake mwenyewe sasa, anakiuma.

Zilibaki hatua mbili tu, barafu ikavunjika. Nilikuwa nimekwisha ingia. Maji yalinifika mapajani na yalikuwa yanachoma kama moto, nikamkamata Shemsa kwenye koti kabla kichwa hakijazama, na mama yake akamkamata kutoka mikononi mwangu. Alikuwa amelowa mpaka kifuani. Alilia kwa sababu theluji yake imemwagika.

Tulimfunika, tukampeleka kwa daktari, akaonekana mzima. Hapo ndipo ningeweza kuishia, na kwa miaka mingi niliishia hapo. Niliisimulia hivyo kwenye harusi na kwenye matanga: bwawa, vitenge, maji mapajani. Watu walinishika mkono. Nyanya Mwavita alinitumia sahani ya sambusa, na kijikaratasi alichoandikiwa na mjukuu: asante kwa kutuokolea mtoto. Nilikula zile sambusa. Sijawahi kula chakula kichungu namna ile.

Maana mtu ilibidi awe na kosa, na watu walikuwa wamekwisha mchagua Riziki. Mama gani huyo haoni mtoto ameondoka? Mashemeji walimpigia simu mmoja baada ya mwingine. Mumewe hakupaza sauti. Akirudi kutoka Jette anakula na kugeukia ukuta. Haya yote niliyasikia, mji huu kwetu ni mdogo. Na mimi niliyemtuma mtoto nilikaa kimya siku tisa. Niliogopa kazi yangu. Niliogopa jina langu. Nilijiambia kwamba nimemtoa majini kwa mikono yangu, inatosha. Kitu pekee nilichofanya ni kuandika upya karatasi ya safari: mstari mmoja, jina la mtoto, na mbele yake jina la mtu mzima mmoja, mmoja tu, atakayemshika, saa kwa saa. Karatasi hiyo mnaitumia mpaka leo. Nyanya Mwavita hakuwa na neno nayo, kwa kuwa haina namba. Mkidhani niliibuni kwa busara, sasa mnajua niliibuni nikiwa na hofu.

Siku ya kumi Riziki alikuja ofisini. Alikuwa amekonda. Hakukaa.

"Futa safari, Maman Zena. Baba Shemsa amekataa. Anasema mie siko mama wa kumupatia batoto."

Nilichukua kalamu nifute. Naapa niliichukua, na nusura niandike. Halafu nikaiweka chini, nikamwambia. Nilimwambia habari ya karatasi ya bima, na kidole kwenye mstari, na maneno yangu kama nilivyoyasema: nenda katafute, ukiiona uniite. Nikamwambia habari ya helmeti tisa. Sikumtazama usoni mpaka nilipomaliza.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Aliita weye," akasema. "Mutoto yangu eko juu ya barafu, mie mama yake niko pale, na anaita Maman Zena. Unafikiri sikujiuliza? Nimejiuliza kila siku. Nilisema pengine mutoto ananichukia."

Nikaanza kulia. Aliniambia ninyamaze, si wakati wangu wa kulia. Akatoa simu yake, akabonyeza, akaiweka juu ya meza yangu kati ya kalenda na kikombe. "Baba Shemsa," akasema, "kuko muntu anataka kukuambia kitu. Sikiliza mpaka mwisho."

Nikamwambia mumewe yote kwa mara ya pili. Nyuma yake nilisikia magurudumu ya vitanda na watu wanaitana kwenye korido. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Nipatie Riziki."

Riziki akaiweka simu sikioni, akageukia dirisha. Nilisikia tu upande wake. Ndiyo. Ndiyo. Nimesikia. Alianza kulia, na hizo siku zote, niliambiwa baadaye, hakuwa amelia hata mara moja. Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa koti la kazi.

"Ameomba pardon," akasema. "Anasema batoto baende."

Hakuniambia kama yeye amenisamehe mimi, wala sikuthubutu kumuuliza. Alikaa chini kwenye kiti. Akavuta ile karatasi mpya, akaisoma polepole, kidole kikishuka kwenye majina ya watoto, wa Saidi, wa kwake, hadi mwisho. Akachukua kalamu yangu. Mbele ya jina la Shemsa, kwa kila saa ya siku zote saba, akaandika jina langu.